Fuma Vazi la Kushuka Nalo Mombo

Ingia sebuleni mwa nyumba nyingi za Lushoto, Soni au Mlalo, utakuta makochi yamevikwa vizuri. Vitambaa vyeupe vya kroshia vimetandazwa kwenye migongo na mikono ya viti, meza ndogo ina chake, televisheni ina chake, na vyote vimetiwa wanga vikakakamaa. Aliyevifuma mara nyingi ni mama mwenye nyumba, au mama yake mzazi, au vilikuja na bibi harusi. Kazi hiyo si ndogo. Kitambaa cha duara kikilala bapa mezani bila kujikunja pembeni, ujue aliyekifuma anaijua barabara hesabu ya kuongeza mafundo kila mzunguko, na hesabu hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza kofia, kola na mabega ya gauni. Ujuzi tunao. Naandika makala hii nikiwaomba wafumaji wenzangu wa Usambara tuuhamishe ujuzi huo kutoka kwenye makochi uingie kwenye miili ya watu, na nina sababu ya kuamini kwamba huku kwetu ndiko mahali pa kubuni mavazi ya kroshia yanayovaliwa kwa namna nyingi. Sababu yenyewe ni barabara yetu.

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Mombo, chini kwenye njia kuu ya Tanga na Moshi, iko kwenye mita 400 hivi. Kati ya miji hiyo miwili pana kilometa zipatazo 33 za kona tupu. Abiria wa basi la alfajiri anaondoka huku amejikunyata ndani ya sweta zito, na kabla hata jua halijapanda vizuri yuko Mombo anatokwa jasho. Sweta linavuliwa. Linafungwa kiunoni au linasokomezwa kwenye mfuko, na toka hapo hadi Tanga au Dar es Salaam ni mzigo tu. Jioni ya kurudi linatafutwa tena. Hata asiyesafiri anaishi hivyo hivyo kwa kiasi chake: asubuhi ukungu umeziba shamba, saa sita jua linachoma, na saa kumi na mbili jioni baridi imerudi.

Basi kabla hujachagua rangi, kabla hujafikiria mtindo, jiulize: vazi hili litakuwa nini pale mvaaji atakapoanza kusikia joto? Sweta la kawaida halina jibu. Likivuliwa, kazi yake imekwisha. Shali linaloweza kufungwa likawa poncho, likazungushwa shingoni, likafunika magoti ndani ya basi au likamkinga mtoto aliye mgongoni halina wakati wa kukaa bure. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha ubunifu wa kroshia huku milimani. Picha ya mtandaoni haitakuambia jambo hili, kwa sababu aliyepigwa picha amesimama mahali pamoja.

Mwalimu wetu wa kwanza tunaye kabatini: kanga. Ni kitambaa cha mstatili cha urefu wa kama mita moja na nusu, hakina mkono, hakina kola, hakina kifungo, na hakuna vazi linalofanya kazi nyingi kukishinda. Huvaliwa kiunoni, hujitandwa kichwani, hubebea mtoto, hufunika chakula, hutandikwa kitandani. Kanga imeweza hayo yote kwa sababu haikukatwa kufuata umbo la mwili wa mtu mmoja. Mvaaji ndiye anayeipa umbo kila siku. Itazame pia ilivyopangwa. Ina pindo linalouzunguka mstatili wote, ina mji katikati, na ina jina. Pindo limebeba urembo mzito, mji umeachiwa nafasi. Mfumaji anayejaza nakshi kila sentimeta ya shali lake ajifunze hapo, kwa sababu likikunjwa na kuzungushwa shingoni nakshi zote zinalaliana na hakuna hata moja inayoonekana. Urembo uweke kwenye kingo, maana kingo ndizo zinazobaki nje vyovyote vazi litakavyovaliwa.

Sasa twende kwenye kazi. Kwa anayeanza kubuni nashauri mstatili mmoja wa sentimeta 55 kwa 130, wenye vifungo saba kwenye ukingo mmoja mfupi. Fuma kwa vyumba vidogo: fundo refu moja, mnyororo mmoja, ruka moja, fundo refu tena. Ukifanya hivyo kitambaa chote kitakuwa na matundu, na kila tundu ni tundu la kifungo. Huhitaji kupanga mapema kifungo kitaingia wapi. Faida hii cherehani haina, na sweta la kiwandani halina.

Ukingo mfupi wenye vifungo ukiuunga na upande mrefu, kwenye ncha ya pili, unapata poncho. Hesabu yake ni nyepesi: toa upana kwenye urefu, kinachobaki ndicho mzunguko wa shingo. Mia moja thelathini ukitoa hamsini na tano unabaki na sentimeta 75, na kichwa cha mtu mzima kinapita humo bila shida. Ukitaka shingo pana inayodondokea begani, ongeza urefu. Ukimfumia mtoto wa shule, punguza vyote viwili lakini tofauti yake isishuke chini ya mzunguko wa kichwa chake. Ukingo mfupi ukiufunga na ukingo mfupi mwenzake unapata duara la kuzungusha shingoni mara mbili. Vifungo ukiviacha wazi una shali. Ukiongeza vifungo vitatu kwenye kila ncha ya upande mmoja mrefu, ukaukunja mstatili kwa urefu na kuzifunga ncha hizo kwenye upande mrefu wa pili, unapata kikoti kifupi chenye mikono, kizuri juu ya gauni. Mama mwenye biashara sokoni atapenda poncho kwa sababu mikono yake inabaki huru kupima karoti na peasi, na mwenye mtoto mgongoni atamfunika nalo mtoto juu ya mbeleko. Lakini mbeleko yenyewe iendelee kuwa kanga. Kroshia hunyooka ikivutwa na uzito, usimbebee mtoto kwa kitambaa cha matundu. Na kwa mtoto mchanga fuma fundo fupi lililobana, vidole vyake visije vikanasa.

Usinunue vifungo saba kabla ya kujaribu kimoja. Fuma kwanza kipande cha sentimeta 15 kwa 15, kifue, kianike kikiwa kimelala bapa, kikikauka ndipo ukipime. Hatua hii wengi huiruka kwa hamu ya kuanza, nami naisisitiza kuliko zote, kwa sababu uzi wa pamba hubadilika baada ya maji na kipimo cha kabla ya kufua hakikusaidii kitu. Hesabu mafundo yaliyomo ndani ya sentimeta 10 za katikati, usihesabu kingo. Yakiwa 16, upana wa 55 unataka mafundo 88. Mnyororo wa kuanzia ufume kwa sindano ya kroshia iliyo kubwa kidogo kuliko ya kazi nyingine, la sivyo upande wa chini utajikaza na mstatili wako utakuwa na kiuno.

Uzi wa kutosha unajuaje? Anza na donge moja. Lifume lote kwa upana kamili wa sentimeta 55, kisha pima umepanda kiasi gani. Tuseme umepanda sentimeta 15. Urefu wa 130 ukigawa kwa 15 unapata karibu tisa; weka moja zaidi la pindo, jumla madonge kumi. Rudi dukani siku hiyo hiyo ununue yote. Rangi moja ikitoka mizigo miwili tofauti huwa na tofauti ndogo ambayo dukani huioni, na juani inaonekana kama mstari.

Uzi mwingi wa madukani kwetu ni wa plastiki, akriliki, na mara nyingi madonge hayana hata karatasi ya kueleza. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani, kiwashe kwa kiberiti. Pamba itaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki itayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Sufu ya kondoo itanuka nywele zilizoungua, na moto wake huzimika wenyewe ukikiondoa kiberiti. Jua pia kila mmoja una tabia gani. Akriliki ni nyepesi, inatunza joto, inakauka haraka hata siku za ukungu, lakini pasi ya moto inaiua: inalegea na hairudi tena. Pamba inanyonya jasho na kumpumzisha mvaaji huko Tanga, ila ni nzito na hunyooka ikining'inizwa. Kwa lile shali la kupanda na kushuka napendelea pamba iliyochanganywa na akriliki inapopatikana. Isipopatikana, fuma mwili kwa akriliki na sehemu inayogusa shingo kwa pamba.

Kuna wanaodhani kroshia ya matundu haifai kwa baridi. Joto la vazi linatokana na hewa iliyotulia ndani yake. Shali la matundu likivaliwa peke yake kwenye upepo wa Mtae halisaidii sana, lakini likivaliwa chini ya koti au chini ya baibui, matundu yale yale yanashika hewa na mwili unapata joto. Mweleze hivyo mteja wako, na ufume shali lisilo nene kupita kiasi ili liingie chini ya vazi jingine. Akina mama wa Kiislamu, ambao ni wengi huku, hawatavaa matundu juu ya ngozi; wafumie vitu vya kuvaa juu ya nguo ya ndani ya mikono mirefu, au mtandio wa pamba wenye mji uliobana na pindo lenye matundu.

Sasa mitindo. Tunaitafuta wapi?

Nenda kwenye marundo ya mitumba siku ya soko, ukiwa na daftari. Kroshia ya kweli bado inafumwa kwa mkono dunia nzima. Vinavyotoka kiwandani ni vya mashine za ufumaji mwingine zinazoiga sura yake. Maana yake ni kwamba blauzi ya kroshia unayoichambua kwenye rundo ilipita mikononi mwa mfumaji mwenzako wa mahali fulani, na kila alichokiamua kimeandikwa humo. Igeuze ndani nje. Tafuta alipoanzia: juu shingoni, chini kwenye pindo au katikati ya mgongo? Vipande vimeungwa wapi? Bega limefanywaje lisidondoke? Hesabu safu kutoka kwapani hadi begani. Ukiielewa blauzi moja namna hiyo umepata zaidi ya ulichoweza kupata kwa picha mia.

Kama imechanika na bei yake ni ya chini, inunue uifumue taratibu huku unaandika. Utajifunza njia yote kuanzia mwisho hadi mwanzo, na uzi utabaki wako. Masweta ya mashine nayo ni chanzo kizuri cha uzi wa sufu ambao madukani hauonekani, ila tazama mishono ya ubavuni kabla ya kulipa. Kama vipande vilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache: utapata vipande vifupi vya uzi, kimoja kwa kila safu. Kama kingo za vipande ni nzima na zimeungwa tu kwa mnyororo, litafumuka kwa uzi mrefu. Uzungushe uzi huo kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uanike ukiwa na kitu kizito kidogo kwa chini. Mikunjo itanyooka, ndipo uviringe donge.

Ukitazama maonyesho ya mavazi, iwe kwenye simu au kwa macho, acha nakshi na rangi kwanza, soma umbo. Vazi limening'inia kutoka wapi, mabegani au shingoni? Linafunguka wapi? Linaishia wapi, kiunoni, nyongani, magotini? Nini kimevaliwa ndani yake? Majibu hayo manne yachore kwa mistari mitupu, na ndiyo utakayoyapeleka kwenye uzi. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008 jijini Dar es Salaam, ni shule nzuri kwa jicho kwa sababu mavazi yake yametungwa kwa miili yetu na kwa joto la pwani. Umbo la gauni pana la kitambaa chepesi ulilolipenda huko likihamishiwa kwenye pamba nyembamba linaweza kuwa vazi lako la kushukia mlima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kusini mwa bara letu. Mwaka 2010 Laduma Ngxokolo alikuwa anamaliza chuo huko Port Elizabeth, Afrika Kusini. Kwa Wakhosa, kijana akitoka jandoni huvaa nguo mpya nadhifu kwa miezi kadhaa, na vijana wengi walikuwa wakinunua masweta ya kampuni za nje. Ngxokolo akajiuliza kwa nini sherehe yao ivae nakshi za watu wengine. Akachukua michoro ya shanga za Wakhosa, akaihamishia kwenye masweta ya sufu na ya manyoya ya mbuzi wa kwao, na toka hapo ikazaliwa MaXhosa, nyumba ya mavazi inayojulikana leo duniani. Angalia alianzia wapi. Alianza na mtu maalumu mwenye haja maalumu, yule kijana wa jandoni, kisha akatafuta nakshi ndani ya nyumba yake, na mwisho ndipo ukaja uzi.

Mtu wetu ni yule abiria wa alfajiri. Na nakshi tunazo tele. Ua la korosho la kwenye kanga. Ukili wa mikeka na misuko ya vikapu. Kofia za viua za pwani, ambazo urembo wake wote ni vitundu vidogo vilivyopangwa kwa hesabu. Hakuna nakshi inayohamia kwenye kroshia ya vyumba kwa urahisi kuliko hiyo. Nunua daftari la hesabu lenye visanduku. Kila kisanduku ni chumba kimoja: ukikipaka rangi kimejazwa, ukikiacha ni tundu. Chora robo ya nakshi, ikunjue mara nne, ufume. Hata jina la kanga linawezekana. Herufi moja huchukua visanduku vitano kwa upana na kimoja cha kuitenga na inayofuata. Chumba chako kikiwa na sentimeta moja, urefu wa 130 unachukua herufi 21, nawe baki kwenye 18 ili pindo lipate nafasi pande zote mbili.

Kwa rangi, twende msituni. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu huyapanda kwenye vyungu madirishani asili yake ni milima hii yetu ya mashariki. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 yakapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Litazame ua hilo kama mfumaji: majani ya kijani kilichokolea ni mengi, zambarau ni ya kiasi, na njano ni nukta tu katikati. Kipimo hicho ndicho siri ya kuoanisha rangi tatu. Rangi tatu zikigawana nafasi sawasawa zinagombana. Ipe moja sehemu kubwa, ya pili theluthi hivi, ya tatu iwe ya kuguswa tu kwenye vifungo au safu moja ya pindo. Jaribu hilo kwa mashamba ya chai ya Bumbuli na udongo wake mwekundu, utaona linafanya kazi vilevile.

Mwenye uzi mweupe wa pamba anaweza kupaka rangi jikoni. Maganda ya vitunguu hutoa njano ya dhahabu, majani ya chai hutoa kahawia, mbegu za parachichi zikichemshwa taratibu hutoa waridi iliyofifia. Chemsha kwanza uzi kwenye maji yenye shabu ili rangi ishike. Manjano ya mchuzi yanavutia lakini jua huyafuta, na akriliki haipokei rangi hizi hata kidogo.

Mabaki ya nyuzi yasitupwe. Mwaka 2020 mwanamuziki wa Uingereza Harry Styles alionekana amevaa sweta la JW Anderson lililoungwa kwa vipande vya rangi mbalimbali. Vijana wakaanza kulifuma majumbani, wengine wakaligeuza kuwa kroshia, na kampuni hiyo ikatoa maelekezo yake bure. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yakaliweka kwenye hazina yake. Vipande vya mraba ni kazi ya kufanya ukiwa njiani, kimoja kimoja, na vikifika idadi unaweza kuamua kama viwe mkoba, kizibao au blanketi. Ila amua kipimo mapema: vyote viwe na upande ulio sawa kabisa, hata kama uzi mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, na dawa ya hapo ni kubadilisha sindano ya kroshia.

Ningependa wafumaji na mafundi cherehani wakae pamoja zaidi kuliko sasa. Kroshia tupu kwa gauni zima ni kazi ya wiki nyingi na ni nzito mwilini. Kifua na mabega ya kroshia, sketi ya kitenge: hapo kila mmoja anafanya anachokiweza, na vazi linamalizika kwa siku chache. Mpe fundi kitenge kilichokwisha kufuliwa, kwa sababu kikinywea baada ya kushonwa kitaivuta kroshia ikunjamane. Mwombe apitishe ukanda mwembamba wa pamba ndani ya mshono wa mabega na wa kiuno, la sivyo uzito wa sketi utashusha kifua kila siku inayovaliwa. Na ule ukingo utakaoshonwa na mashine umalizie kwa safu mbili za fundo fupi, ili sindano ipate mahali pa kupita. Kola na pindo za mikono za kuvaa na kuvua zina soko lao pia: gauni moja jeusi na kola tatu ni magauni matatu, na kola haili uzi mwingi.

Kwa mikoba tusisahau mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 na ambao bado tunaupita mashambani tukielekea Korogwe. Kamba yake nyembamba ikifumwa kwa sindano nene ya kroshia, milimita 6 au zaidi, hutoa kitako kigumu cha mkoba kisichodondoka. Juu yake endelea kwa pamba ya rangi. Ndani tia bitana ya kanga kuukuu, kwa kuwa mkoba wa matundu usio na bitana humeza funguo na kutoa sarafu.

Kuhusu bei niseme moja tu. Andika saa zako. Tuseme uzi na vifungo vimekugharimu shilingi 20,000, na umefuma saa 20. Ukijilipa shilingi 1,500 kwa saa, shali lina thamani ya 50,000 kabla ya faida. Mteja akisema ni ghali, usipunguze saa zako. Mwonyeshe namna tano za kulivaa, umvalishe mwenyewe mbele ya kioo. Asipoweza bado, mwekee kola au kofia. Jina lako pia liambatane na kazi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kina mama wa mradi wa Krochet Kids walikuwa wakitia sahihi zao kwenye kila kofia, na mnunuzi wa mbali akajua mkono uliomfumia. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi mkoani Tanga; waulize kuhusu mafunzo ya vifungashio na nafasi kwenye maonyesho kama Sabasaba.

Mwisho, kalenda. Baridi kali ya kwetu ni Juni hadi Agosti, na ndiyo miezi ambayo wageni wa kupanda milima huja kwa wingi Irente na Magamba, wengi wakiwa wamejiandaa kwa joto la Afrika waliloambiwa. Anza kufuma mashali mazito mwezi Machi, masika inapokufungia ndani, yawe tayari mwishoni mwa Mei. Septemba geukia pamba na mashali mepesi, kwa sababu Desemba ndugu zetu wanaoishi Dar es Salaam na Tanga hurudi nyumbani kwa sikukuu, na wao safari yao ni kinyume: wanatoka kwenye joto, baridi wanaikuta Soni. Wapate shali kwa muuzaji wa Mombo, pale basi linaposimama kabla ya kuanza kupanda. Ambatanisha karatasi ndogo ya maelekezo: lifuliwe kwa mkono, likamuliwe ndani ya taulo bila kusokotwa, lianikwe likiwa bapa, na lihifadhiwe limekunjwa, lisitundikwe kwenye hanga.